Kitako cha bunduki ya upepo kwa mlenga shabaha: nianze na kipimo gani?

FundiMatondoni

Assalaam aleikum wana jukwaa. Mimi ni fundi wa mbao hapa Matondoni, Lamu. Kazi yangu ni majahazi na mashua, na kazi ikilegea natengeneza vitanda na milango. Mtoto wa ndugu yangu yuko Uingereza na huko anacheza mchezo wa kulenga shabaha uwandani kwa bunduki ya upepo, wenyewe wauita Field Target. Anataka nimchongee kitako kipya. Bunduki haiji huku. Atanitumia mchoro wa mtambo, nafasi za skrubu na kipande cha plastiki chenye umbo la sehemu inayolala ndani ya mbao. Mimi nachonga mbao basi.

Mbao ninazo. Linalonisumbua ni kwamba kila picha anayonitumia ina kitako cha sura yake: hiki kina nundu kubwa chini, kile kina chuma kama ndoana kwenye bega, kingine kina mto wa shavu unaopanda na kushuka. Mtu akitaka mashua namuuliza atavua nini na wapi, nikijua hilo najua taruma zikae vipi. Huyu nimuulize nini?

KijanaWaMkunguni

Bunduki Matondoni? Haya, tusubiri helikopta juu ya mikoko 😂

MlinziWaJukwaa

Utani una mwisho, Kijana. Uzi ni wa mbao na vipimo, na utabaki hapo. Yeyote anayefikiria kuingiza bunduki Kenya, hata iwe ya upepo, aende kwanza kuuliza Bodi ya Leseni za Silaha kabla hajalipa hata shilingi. Maswali ya kununua nitayafuta.

AmuUghaibuni

Ami, shikamoo. Sikujua mambo yangu yatafika barazani, lakini kheri. Ngoja niwaeleze wenzetu mchezo ulivyo, huenda ikasaidia.

Ulianza hukuhuku Uingereza, Magham Down kule Sussex, mwaka 1980. Shabaha ni bamba la chuma lenye umbo la mnyama au ndege, na katikati lina tundu. Nyuma ya tundu kuna kibao. Risasi ikipita tunduni ikagonga kibao, bamba zima laanguka na umepata pointi. Ikigonga uso wa bamba au ukingo wa tundu, bamba lasimama vilevile na wewe huna kitu. Kisha wavuta kamba, bamba lainuka kwa anayefuata. Tundu la kawaida lina kipenyo cha milimita 40. Yako madogo mpaka milimita 15, hayo huwekwa karibu.

Umbali huanzia kama mita 10 hadi mita 50 kwenye mashindano ya kimataifa, wala huambiwi ni mita ngapi. Wazungusha gurudumu la pembeni la darubini mpaka picha ikae sawa, wasoma namba kwenye gurudumu, hapo wajua umbali. Ndiyo maana darubini zetu ni kubwa na hukaa juu sana. Nguvu ya bunduki haizidi futi-pauni 12, kama juli 16.3. Risasi ni ya milimita 4.5, uzito nusu gramu na ushei, na hutoka kwa kasi ya kama mita 240 kwa sekunde.

Sehemu kubwa ya shabaha twazipiga tumekaa chini juu ya mto, magoti yamekunjwa mbele. Chache ni za kupiga goti na za kusimama. Shida yangu: nikikaa muda, shingo yauma, na ndani ya darubini naona kivuli cheusi upande mmoja. Nikisimama, bunduki yapenda kulala kulia. Kitako nilicho nacho ni cha kiwandani, kimechongwa kwa mtu asiyejulikana.

MzeeWaCasuarina

Fundi, salaam kutoka Malindi. Niliishi Kent miaka mingi na mchezo huu niliucheza mpaka magoti yalipokataa. Nitaandika kwa urefu, mnivumilie.

Usiangalie picha za vitako. Mwambie mpwa wako akutumie picha zake yeye, amekaa, kutoka kushoto, kulia na mbele. Kitako cha mchezo huu hupimwa mtu akiwa amekaa chini. Watu wengi hununua kitako cha bei wakiwa wamesimama dukani, wakifika uwanjani wakakaa, kila kitu kimehama.

Fikiria mwili wake. Amekaa, goti la kushoto limesimama. Mkono wa kushoto umelala juu ya goti hilo, na bunduki imelala juu ya mkono. Kwa hiyo urefu wa bunduki kutoka ardhini unaamuliwa na goti, hauamuliwi na bega. Kama sehemu ya mbele ya kitako ni nyembamba, bunduki inakaa chini, naye itabidi ainame kuifuata. Akiinama, tumbo linabanwa, pumzi inakuwa fupi, shingo inapinda. Hapo ndipo maumivu yake yanapotoka. Ile nundu unayoiona kwenye picha kazi yake ni kuinua bunduki mpaka kichwa kikae wima. Wenyewe huiita hamster, yule panya mwenye mashavu, maana inavimba. Nundu ya mtu mwenye paja refu si ya mtu mfupi, kwa hiyo usinakili ya mwingine. Mpe inayoteremka na kupanda kwa skrubu mbili, kwa sababu shabaha ya juu mtini na ya bondeni hazitaki kimo kimoja.

Halafu shavu. Kile kivuli cheusi ndani ya darubini maana yake jicho haliko katikati ya kioo. Darubini ya mchezo huu iko juu ya mtutu kwa sentimita 5, 6, hata zaidi. Kitako cha kiwandani kimechongwa kwa darubini ya chini, kwa hiyo shavu halifiki, anaegemeza kidevu. Jaribio lake ni jepesi: afumbe macho, aegemeze shavu kwa uzito wake wote bila kujitahidi, afumbue. Akiona duara kamili la mwanga, kimo ni sawa. Akiona kivuli chini au juu, kipande cha shavu kiinuliwe au kishushwe. Kivuli kikiwa kushoto au kulia, ni unene wa shavu la mbao au kitako kizima kinataka kusogezwa pembeni milimita chache. Kwa mtu wa mkono wa kulia mara nyingi kinasogezwa kulia kidogo, 3 hadi 6. Na asijaribu asubuhi tu akiwa mchangamfu. Ajaribu amechoka, ndipo kichwa husema kweli.

Mshiko. Kidole cha shahada kiguse kifyatulio kwa nyama ya pingili ya mwisho, na pingili ya pili ifanye pembe mraba, ili kivute nyuma moja kwa moja. Mshiko ukiwa mbali, kidole kinanyooka na kinasukuma bunduki pembeni. Ukiwa karibu mno, kinakunjika na kinaivuta upande wa pili. Kwa anayekaa, mshiko uwe karibu wima, maana kiwiko chake cha kulia kiko chini, karibu na goti. Dole gumba mimi napendelea lilale upande uleule wa kulia, juu ya kijirafu kidogo unachomchongea, lisizunguke upande wa pili. Likizunguka, mtu anakamata. Akikamata, anapindua.

Sasa huku kulala kulia. Msilidharau. Risasi ya nguvu hii ikifika mita 50 imeshashuka karibu sentimita 30 kutoka mstari wa mtutu, na darubini imewekwa kufidia mshuko huo. Bunduki ikilala digrii 2 tu, fidia nayo yalala, risasi yaenda pembeni kama sentimita 1. Tundu la milimita 40 lina milimita 20 tu kutoka katikati hadi ukingoni, na risasi yenyewe ina unene wake. Nusu ya nafasi yako imeliwa kabla upepo haujavuma. Wachezaji huweka pimamaji ndogo juu ya darubini. Afumbe macho, aweke bunduki begani, afumbue, aangalie povu. Kama kila mara liko upande mmoja, asinyooshe kwa kifundo cha mkono. Raba ya bega ndiyo izungushwe mpaka povu lirudi lenyewe. Kwa hiyo Fundi, raba ya bega iwe na reli: ipande, ishuke, izunguke.

CherehaniMaweni

Mimi ni mshonaji, bunduki sijui, ila nauliza: vipimo mwampima amevaa nini? Uingereza ni baridi. Koti la huko na sweta chini yake laweza kula sentimita nzima begani na zaidi. Mkimpima na fulana, kitako kitakuwa kirefu Novemba nzima. Apimwe na koti atakalochezea, kisha bila koti, muandike yote mawili.

MzeeWaCasuarina

Bi Cherehani, hapo umewapita wengi wanaouza bunduki. Kutoka kifyatulio hadi mwisho wa raba ya bega, vitako vya kawaida vyacheza kati ya milimita 340 na 370. Koti nene linaweza kumaliza tofauti hiyo karibu yote. Wafanye vipande vyembamba vya kuongeza na kupunguza nyuma ya raba.

NakshiLangoni

Fundi mwenzangu, yeo nimepata uzi wa kusoma. Umesema mbao unazo. Zipi?

FundiMatondoni

Nina msaji mkavu, ubao wa mlango wa zamani. Nina mbambakofi. Na mwembe upo tele.

NakshiLangoni

Mbambakofi uache. Kwanza ni mzito: kitako chaweza kufika kilo moja na nusu na kupita, na bunduki za mchezo huo nasikia tayari ni nzito. Pili, mbambakofi wa Afrika umo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu mkutano wa Panama wa 2022. Usitake kijana akamatiwe mzigo uwanja wa ndege kwa kipande cha mti. Hata kwa msaji, uliza watu wa misitu (KFS) na wakaguzi wa afya ya mimea (KEPHIS) karatasi zinazotakiwa kabla hujafunga.

Mwembe ni mwepesi na unachongeka, lakini dumuzi anaupenda kuliko sisi tunavyopenda matunda yake, na ukikauka vibaya unapinda. Nakupa msaji. Hauhamihami sana, na kama ubao umekaa mlangoni miaka, umeshamaliza vituko vyake.

Mambo matatu ya msaji. Ubao wa mlango ni mwembamba, itabidi ugandishe mbao tatu, na hilo ni jema kwa sababu mbao tatu zakamatana zisipinde. Ila msaji una mafuta. Piga randa upya siku hiyohiyo, futa kwa asetoni, kisha paka epoksi. Ukiacha usiku upite, mafuta yatoka tena na gundi itabanduka mbele ya macho yako. Nyuzi za mti zipite sambamba na shingo ya kitako, pale nyuma ya mshiko. Zikikata shingo mshazari, kitako kitavunjika hapo siku kitakapoanguka, na kitaanguka. Na patasi zako zinoe mara kwa mara, msaji una mchanga ndani, unakula makali.

KijanaWaMkunguni

Na kikimalizika apake mafuta ya sifa kama jahazi 😂

AmuUghaibuni

Niegemeze shavu kwenye papa aliyeoza mbele ya Waingereza? La, asante.

FundiMatondoni

Nimewasoma wote. Nimeamua sitagusa msaji kwanza. Nachonga kitako cha majaribio kwa mbao za makreti, msonobari ule mwepesi, sura mbaya lakini kila kitu chahama: shavu laenda juu na chini kwa boliti mbili, raba ya bega juu ya kibao chenye mfereji, nundu ya mbele na vipande vya kupachika vya unene wa milimita 10 kimoja kimoja. Kuna jamaa anasafiri, atambebea. Mwanangu utakaa nacho, utahamisha mpaka mwili ukubali, kisha utakaza boliti na kunipimia kila kitu kutoka kwenye kifyatulio. Usinipimie kutoka mwisho wa mbao, maana mwisho wa mbao utahama.

MzeeWaCasuarina

Hivyo ndivyo. Na Amu, usikikaze siku ya kwanza. Kitumie, sahihisha, rudi. Mwanzoni kila mtu hupandisha shavu mno kwa furaha ya kuona kioo chote.

AmuUghaibuni

Ami, kimefika. Wenzangu klabuni walicheka sura yake, kisha mmoja akaomba akae nacho. Nimekitumia wiki kadhaa na vipimo ni hivi.

Kifyatulio hadi raba: milimita 345 na koti, 360 bila koti. Shavu limepanda milimita 22 juu ya kitako cha zamani, na limekonda 4 upande wangu. Raba ya bega imeshuka 30 chini ya mstari wa mtutu na imezunguka kidogo, juu yake imeelekea nje. Povu la pimamaji sasa larudi katikati bila mimi kuliomba. Nundu: nilianza na vipande viwili, nikaongeza cha tatu, nikaona kichwa kimekaa wima na pumzi imefunguka. Nikaongeza cha nne, bunduki ikawa juu mno, ikaanza kuyumba juu ya mkono. Nimerudi kwenye tatu.

Nikisimama nundu hiyohiyo yanifaa. Kiwiko cha kushoto chafika mbavuni, sishikilii tena bunduki kwa misuli ya bega.

Kitu kimoja hakijakaa: mshiko. Umbali ni sawa, lakini kiganja chateleza mvua ikinyesha.

NakshiLangoni

Hapo ndipo sisi watu wa Lamu twaingia. Mpe nakshi kwenye mshiko. Na ubavuni mpe ua kama la mlango wa Siyu, Waingereza wajue kitu kimetoka wapi. Marehemu Muhamadi Kijuma alikuwa mshairi, mwandishi wa khati na mchongaji, na hakuona haya kupamba kitu cha kutumika.

MzeeWaCasuarina

Pamba, lakini usipambe pote. Ua likikaa shavuni litamkwaruza, na baridi ikiingia kwenye mashimo ya nakshi shavu litajua. Kwenye mshiko nakubali, ila ziwe nukta ndogo zilizobanana, kina cha nusu milimita, zishike ngozi. Nakshi ya kina kirefu yakusanya jasho na uchafu.

NakshiLangoni

Basi ua likae chini ya nundu. Akikiweka kitako juu ya meza, walione.

FundiMatondoni

Upande wa kulia wa nundu, hapo hakuna mwili unaogusa. Nimemaliza ubishi wenu.

Sasa niulize la chuma. Mtambo walazwaje ndani ya mbao? Nimezoea kukaza boliti mpaka mbao ilie.

MzeeWaCasuarina

Hapana, tafadhali! Mbao ikilia, bunduki inahama. Pale skrubu zinapopita, toboa tundu pana, utie vijiti vya alumini vyenye tundu katikati, urefu sawasawa na unene wa mbao hapo. Skrubu zikaze chuma juu ya chuma, mbao isibanwe. Hewa ya Lamu na hewa ya nyumba ya Uingereza yenye hita ni mbingu na ardhi. Msaji utanywea hata uwe mkavu vipi, na kama skrubu zimebana mbao peke yake, kila msimu shabaha itahamia pengine.

Kisha mtambo ulazwe juu ya epoksi ngumu, ipate umbo lake kamili. Hilo afanye Amu huko, maana yeye ndiye mwenye bunduki: apake dawa ya viatu isiyo na rangi kwenye kila chuma ili epoksi isishike, na azibe kila tundu kwa udongo wa kuchezea. Aondoe hewa yote kwanza. Mtungi wa bunduki hizi hujazwa hadi bari 200 hivi, na si kitu cha kukaa nacho mapajani ukifanya useremala. Mtutu na mtungi visiguse mbao mbele: karatasi ipite kati yake bila kukwama.

AmuUghaibuni

Nimeandika. Na mafuta ya kupaka, Mzee?

MzeeWaCasuarina

Mafuta ya kitani yaliyopikwa, tabaka nyembamba, kila moja ikauke ndipo ufuate. Usisahau ndani ya mfereji wa mtambo, ndani ya matundu ya skrubu na mwisho wa mbao chini ya raba. Watu hung'arisha nje wakaacha mwisho wa nyuzi wazi, na huko ndiko mti unakokunywa unyevu zaidi. Matambara yenye mafuta hayo tandaza nje yakauke. Ukiyafinyanga ukayatupa pembeni ya karakana, yanaweza kuwaka yenyewe.

CherehaniMaweni

Na mto wa kukalia? Mmesahau. Ukiwa laini mno atazama na nundu yote mliyopima itakuwa juu. Mto aliopimia ndio acheze nao.

AmuUghaibuni

Bi Cherehani, naomba unishonee mmoja. Huu wangu umekwisha, wavuja punje.

CherehaniMaweni

Nitumie urefu na upana kwa ujumbe wa faragha. Turubai ninayo, ya kujaza utajaza mwenyewe huko, sitasafirisha punje baharini.

FundiMatondoni

Msaji nimeshauranda na mbao tatu ziko kwenye jiriwa tangu alasiri, asetoni na epoksi saa ileile kama alivyosema Nakshi. Kesho nachora mstari wa mtutu ubavuni kwa risasi ya penseli, vipimo vyote nitavitoa hapo. Mwanangu, nyuma nitaacha mbao ya ziada milimita 25 kabla ya raba. Wewe na koti lako mtakata wenyewe. Boliti za shavu zipi, M6? Za chuma kisichoshika kutu hapa mjini nimepata za urefu wa milimita 60 tu.

AmuUghaibuni

M6, ami, 60 zatosha.